Saa Yenye Sita Juu

Mkazi wa Bukoba aliyekuwapo mjini Jumamosi ya Septemba 10, 2016 hahitaji kukumbushwa dakika. Ilikuwa saa 9:27 alasiri. Tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliutikisa mkoa wa Kagera, likaua watu zaidi ya kumi, likabomoa nyumba nyingi na kuyaacha majengo ya shule kongwe za Ihungo na Nyakato yakiwa hayafai. Mbele ya hasara hiyo, kabati moja lililoanguka katika nyumba moja ya kata ya Kahororo, Bukoba, si habari ya kuandikwa gazetini. Lakini juu ya kabati hilo mzee mwenye nyumba alikuwa ameweka saa yake ya mkono, Seiko 5 aliyoinunua kwa malipo ya kahawa mwishoni mwa miaka ya 1990. Kioo kilisagika. Mshale wa dakika ulipinda, wa sekunde ukapotelea kwenye vifusi. Bodi ilibonyea pale mkanda unaposhikia. Mashine iliendelea kutembea.

Mwandishi wa makala haya ni mtoto wa mzee huyo. Saa ilikaa kwenye droo miaka kadhaa, pamoja na miwani isiyo na mkono mmoja na funguo za makufuli yasiyokuwapo tena, hadi siku alipoitia mfukoni na kushuka nayo mjini.

Mafundi saa wa Bukoba sasa wanahesabika. Huyu aliyeendewa hukaa kwenye baraza la duka la mtu mwingine, nyuma ya kisanduku cha kioo chenye mikanda ya kuning'iniza, betri za vidonge, na kopo la saa zilizokufa ambazo ndizo ghala lake la vipuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ya nani hii?"

"Ya Tata," alijibu mwandishi, akimaanisha babake.

Fundi alibandika lenzi jichoni, akafungua kifuniko cha nyuma, akaiinamisha saa huku na huku. Pezi la chuma la nusu duara, lile linaloijaza saa kila mkono unapotikisika, lilizunguka bila kukwaruza.

"Mashine nzima," alisema. "Kioo ninacho. Bodi nitainyoosha. Mishale ndiyo sina."

"Nitaipata wapi?"

"Zamani ningekwambia panda gari uende Kampala. Sasa si una simu? Iulize."

Simu iliulizwa, na ikajibu zaidi ya ilivyoulizwa. Kumbe kuna soko zima la dunia la vipuri vya saa za ukoo huo: bodi peke yake, uso peke yake, vioo vya unene wa kila aina, mishale ya rangi zote, mikanda, hata mashine mpya ndani ya vikopo vya plastiki. Kuanzia Ufilipino hadi Marekani wapo watu ambao hawajawahi kukaa darasani kusomea ufundi saa, lakini jioni huketi mezani nyumbani na kuunganisha saa yao wenyewe, kila kipande kimenunuliwa mahali pake. Mishale ya mzee iliagizwa. Na pamoja nayo, bila kumwambia mtu, mwandishi akaagiza saa nzima, ila ikiwa vipande vipande.

Kiini cha mchezo huo ni mashine moja, NH35. Seiko huitengeneza kwa ajili ya kuziuzia kampuni nyingine, na ndiyo maana imejaa duniani. Ina mawe 24 ya kupunguza msuguano, hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani mapigo 6 kila sekunde, na ikijazwa vizuri hutembea saa 41 bila kuvaliwa. Kiwanda hakijisifu kupita kiasi: kinasema itakuwa kati ya kuchelewa sekunde 20 na kukimbia sekunde 40 kwa siku. Ndani ya saa ya mzee mlikuwa na 7S26, mashine iliyoanza kutumika mwaka 1996, ya mawe 21. Ile haijazwi kwa kuzungusha ufunguo wa pembeni, na ukiuvuta ufunguo ili kurekebisha majira, mshale wa sekunde hausimami kukusubiri. NH35 hufanya yote mawili. Ni mdogo wake aliyepelekwa shule.

Mtu akianza kununua vipuri ndipo anagundua kwamba hanunui vitu, ananunua vipimo. Tundu la mshale wa saa ni milimita 1.50. La mshale wa dakika ni 0.90. La mshale wa sekunde ni 0.20. Uso wa kawaida una upana wa milimita 28.5, na nyuma yake una vijiguu viwili vya shaba ambavyo lazima viingie kwenye matundu mawili ya mashine, si kushoto wala kulia kidogo. Saa nyingi za Seiko 5, pamoja na ile ya mzee, ufunguo wake haukai upande wa namba 3 kama ilivyozoeleka. Umeshushwa hadi karibu na namba 4. Ukiihamishia mashine yake kwenye bodi ya kawaida, tarehe na jina la siku vinapinda dirishani, maana viliandikwa kwa kuzingatia ufunguo ulipo. Baadhi ya wauzaji wa nyuso wametafuta njia ya kati: wanaweka miguu minne, mnunuzi anakata miwili isiyomhusu.

Anayedhani kuunganisha saa kwa vipuri vya kununua ni ujanja wa siku hizi arudi nyuma kidogo. Uswisi yenyewe, kabla ya viwanda vikubwa, ilifanya hivyo hivyo. Katika milima ya Jura familia za wakulima zilizofungiwa na theluji zilitengeneza kipande kimoja kimoja nyumbani, nyumba hii gurudumu, nyumba ile springi, na mfanyabiashara akazunguka kuvikusanya, akaviunganisha na kutia jina. Karl Marx, katika kitabu chake cha mwaka 1867 kuhusu mtaji, alipotaka mfano wa kazi iliyogawanywa mikononi mwa watu wengi alichagua saa, akaorodhesha mafundi wake mmoja baada ya mwingine hadi msomaji anachoka.

Ila vipande vile havikuingiliana hivi hivi. Kila kimoja kilipigwa tupa hadi kikae. Mabadiliko yalitoka Marekani, kwenye kiwanda cha Waltham, Massachusetts, ambako mashine zilikata skrubu na magurudumu yanayofanana kiasi kwamba kipande cha saa moja kiliingia kwenye nyingine. Mwaka 1876, kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia, Waswisi walikwenda kujionea. Mmoja wao, Jacques David wa kampuni ya Longines, aliandika ripoti ya kuwaonya wenzake kwamba wasipobadilika watamezwa. Walibadilika. Mtu wa Kahororo anayepokea mshale uliokatwa nchi moja na mashine iliyofungwa nchi nyingine, vikashikana bila tupa, anakula matunda ya hofu ile.

Vipuri vilifika kwa posta, kila bahasha kwa wakati wake. Mkanda ulitangulia wiki nyingi kabla ya saa ya kufungwa. Mashine ikaja, kisha uso. Bodi ilichelewa kuliko vyote, kwa sababu ndiyo nzito na ndiyo iliyotumwa kwa njia ya bei nafuu. Mtu asiye na subira asianze kazi hii. Au aanze, lakini asiwe na sherehe ya kuivalia saa hiyo mwezi ujao.

Mishale ilipofika, makubaliano ya dunia kuhusu vipimo yakaonyesha ufa. Tangazo la muuzaji lilisema inafaa NH35. Mshale wa saa ulikaa. Wa dakika ulikaa. Wa sekunde uliingia kwenye ncha yake kirahisi mno, na saa ilipoinamishwa ukateleza na kulala juu ya namba. Fundi aliutazama kwa lenzi, akacheka puani.

"Huu si wa Mjapani," alisema. "Ni wa Mswisi."

Alikuwa sahihi. Zipo mashine za Kiswisi za ETA, familia ya 2824, ambazo mishale yake miwili mikubwa ina matundu yale yale, 1.50 na 0.90. Tofauti iko kwenye sekunde: 0.25 badala ya 0.20. Tofauti hiyo ya milimita 0.05 ni nyembamba kuliko unywele wa kichwani, na inatosha kuifanya saa isifae. Muuzaji alibishana kwa ujumbe mrefu kabla ya kutuma mwingine. Fundi angeweza kuubana mrija wa mshale ule kwa kibano ukashika, na mafundi wamefanya hivyo tangu zamani. Alikataa.

"Nikiubana leo utashika. Mwaka kesho unaangukia ndani ya kioo, na wewe utasema nilikuibia."

Siku ya kurudisha mishale ya mzee, fundi alimruhusu mwandishi asimame nyuma ya bega lake. Jambo la kwanza alilofanya ni kuuzungusha ufunguo mbele polepole, mashine ikiwa haina mshale hata mmoja, huku akitazama dirisha la tarehe. Tarehe ikaanza kupanda, ikasita, ikaruka. Akaacha pale pale. "Saa sita usiku," alisema, na akaupachika mshale mfupi ukielekea juu kabisa, kwenye 12. Ukiupachika popote pengine, tarehe itabadilika watu wakila chakula cha mchana. Kisha wa dakika juu yake. Kwa kubonyezea hakutumia kifaa cha kiwandani; alitumia mrija wa kalamu ya wino iliyokwisha, uliooshwa na kukatwa ncha ikawa sawa. Tundu la mrija hupita juu ya ncha ya katikati, na kingo zake hubonyeza mshale pande zote kwa usawa. Kalamu ile inaokoa fedha ambazo mtu wa mtandaoni angeambiwa azitumie kwenye kifaa maalumu.

Wa sekunde ndio uliochukua muda. Alinyamaza, mwandishi akanyamaza, bodaboda zikaendelea kupiga honi barabarani. Ncha ya 0.20 haionekani kwa macho matupu isipokuwa kama nukta inayong'aa. Alishusha mshale kwa kibano, akauacha ujilaze, akausogeza kwa ncha ya kijiti cha kusafishia meno hadi tundu likaipata ncha, kisha mrija wa kalamu ukashuka, kwa uzito wa kidole tu. Akaiinua saa usawa wa jicho na kuitazama kwa ubavu: mishale mitatu, ngazi tatu, hakuna unaomgusa mwenzake. Akazungusha saa 12 nzima kuhakikisha. Baada ya hapo akaifunika kwa bilauri iliyogeuzwa kichwa chini, akanywa chai.

Bilauri nayo ni somo. Adui wa kazi hii ni vumbi, na wakati wa kiangazi vumbi jekundu la barabara za Kahororo halibishi hodi. Kwa hiyo saa ya mwandishi ilifungwa usiku, masika, dirisha limefungwa na sakafu imepigwa deki. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hulaza vumbi vizuri. Huleta pia unyevu, na unyevu uliofungiwa chini ya kioo hurudi kama ukungu asubuhi ya kwanza ya baridi. Dawa yake ilikuwa vile vifuko vya chembe nyeupe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu: vipuri vilikaa navyo kwenye kopo lenye kifuniko hadi saa ya kazi.

Hatua inayowashinda wengi si mishale. Ni kijiti cha ufunguo. Mashine huja na kijiti kirefu kwa makusudi, kwa kuwa kila bodi ina unene wake, na ni juu ya mwenye saa kukikata. Kikibaki kirefu, ufunguo hausogei hadi kwenye bodi na maji yanaingia. Kikiwa kifupi, hakuna dawa ila kununua kingine. Unapima, unakata kidogo, unasugua kwa tupa, unaingiza, unatoa, unasugua tena. Hakuna njia ya mkato, na hakuna video inayoweza kukwambia kipimo cha bodi yako.

Baada ya yote hayo kifuniko cha nyuma kinakazwa, saa inageuzwa, na pale juu ya uso mweupe kuna uzi mmoja wa shati. Inafunguliwa tena.

Hapa lazima swali liulizwe: kwa nini mtu ajisumbue? Si kwa ajili ya majira. Simu inaonyesha majira. Si kwa kuokoa fedha, hesabu itakuja. Mwandishi alikuwa na sababu moja ambayo hakuna duka lingeweza kumuuzia. Alitaka saa yenye uso wa Kiswahili.

Kila mtoto wa Tanzania aliyefundishwa saa ya mishale amepitia kiini macho kile. Mshale mfupi unaelekeza 3, mwalimu anasema ni saa tisa. Unaelekeza 12, ni saa sita. Mtoto anaambiwa asome upande wa pili wa mshale, au ajumlishe sita, au atoe sita, na siku moja inakaa kichwani na hafikirii tena. Sisi si peke yetu katika hesabu ya kuanzia jua. Waethiopia huhesabu hivyo hivyo, na dola ya Uturuki ilikuwa na saa zinazogonga 12 jua linapozama hadi ilipoachana nazo mwaka 1926. Mwandishi akajiuliza kwa nini sisi tunaoisema kila siku hatuna uso unaosema kama sisi.

Alinunua uso mweupe usio na namba wala dirisha la tarehe. Namba zikachapwa kwenye stika angavu katika duka la vifaa vya ofisini mjini, zikakatwa moja moja kwa wembe na kubandikwa kwa kibano: 6 juu kabisa, 9 mahali pa 3, 12 chini, 3 mahali pa 9. Tarehe ya mashine inaendelea kuzunguka chini ya uso huo, gizani, hakuna anayeiona. Ukiivaa na kutazama kwa mbali ni saa ya kawaida. Ukiisogeza karibu inasema Kiswahili.

Mzee ndiye aliyepewa kwanza. Ilikuwa alasiri, mshale mfupi umelala kulia, kwenye 9 iliyochapwa safi.

"Saa ngapi, Tata?"

"Saa tatu," alisema bila kusita. Kisha akatazama nje, jua lilikuwa limeshavuka migomba. "Saa tatu gani hii?"

Miaka zaidi ya sitini ya kugeuza ilikuwa imeshinda. Aliiona 9, akili ikaigeuza yenyewe kuwa tatu, kama inavyogeuza kila siku. Wageni wengine wa makamo waliosalimiwa kwa mtihani huo walifanya vivyo hivyo, au walikaa kimya wakihesabu vidole. Waliopatia bila shida walikuwa watoto wadogo wa jirani ambao hawajafundishwa saa ya mishale: waliiona 9, wakasema tisa, wakaenda kucheza. Uso uliotengenezwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili uliwachanganya wasemaji wenyewe, na mwandishi haoni sababu ya kulificha hilo. Mishale ya Seiko inaingia kwenye NH35 kwa sababu watu walikubaliana kuhusu 0.20. Vivyo hivyo, Watanzania wamekubaliana kimyakimya kwamba namba zilizoandikwa si zinazosomwa, na makubaliano ya namna hiyo hayavunjwi na stika.

Zaidi ya hapo, jua la Bukoba lenyewe halikubali. Majira ya Afrika Mashariki yamepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao unapita mbali hata zaidi ya Zanzibar. Bukoba iko karibu na nyuzi 32. Tofauti hiyo ni zaidi ya dakika 50, kwa hiyo jua huwa kichwani hapa si saa sita mchana bali karibu na saa saba, na asubuhi huchomoza saa moja ikikaribia. Mwanafunzi anayetembea kwenda shule saa kumi na mbili alfajiri anatembea gizani, kalenda iseme mwezi wowote ule; tukiwa karibu hivi na Ikweta, mchana haurefuki wala kupungua kwa kiasi cha kumsaidia. Vuka daraja la Rusumo uingie Rwanda, unarudisha mshale nyuma saa nzima, na ghafla jua na saa vinapatana. Kwa jua, Bukoba ni ya Kigali. Kwa saa ya ukutani, ni ya Dar es Salaam. Saa yenye sita juu ilitegemewa imrudishe mtu kwenye hesabu ya jua, lakini ingehitaji kurudishwa nyuma karibu saa moja ndipo iseme kweli ya hapa, na mvaaji angekosa kila basi linaloondoka mjini.

Fundi aliicheka sana saa hiyo. Baadaye aliomba aishike tena, akaitazama nyuma, akasifu kijiti kilivyokatwa. Sifa yake ilitosha.

Ufundi wake yeye hauna mrithi. Alijifunza akiwa kijana kwa kukaa na fundi mwingine Mwanza, miaka ambayo saa za ufunguo zilikuwa zikija kusafishwa kwa mafuta na kurudi. Pigo la kwanza lilitoka Japani kwenyewe: Desemba 25, 1969 Seiko walitoa Astron, saa ya kwanza ya mkono ya betri yenye fuwele ya kwazi kuuzwa sokoni, kwa yeni 450,000, bei ya gari dogo. Teknolojia hiyo hiyo leo inauzwa juu ya meza za mnada kwa shilingi elfu chache, na ikifa hutupwa. Pigo la pili ni simu. Vijana wanaokuja kwake kuomba kufundishwa wanauliza kama anafundisha kutengeneza simu.

Kagera ina mfano wake wa ufundi uliowahi kufika ukingoni hivyo. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science habari za tanuru za kuyeyushia chuma za Wahaya, ambazo mabaki yake yana umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Ili kuelewa tanuru lilivyofanya kazi, watafiti hao waliwaomba wazee wajenge jingine. Ilibidi wazee wakumbuke mambo waliyoyafanya ujanani, kwa sababu vyuma vya bei rahisi kutoka Ulaya vilikuwa vimekwisha kuizima kazi hiyo miongo mingi nyuma. Walifanikiwa, baada ya kujaribu na kujaribu. Jambo la kutia wasiwasi katika habari hiyo ni hesabu ya umri: wangeulizwa miaka 20 baadaye, huenda asingekuwapo wa kujibu.

Mtandao una video za kila kitu kuhusu NH35. Hauna mtu wa kusikiliza mashine ya mzee na kusema nzima. Mwandishi alilithibitisha hilo mara moja zaidi, pale saa yake mpya ilipoanza ghafla kukimbia dakika kadhaa kwa siku. Hakuna kilicholegea wala kuvunjika. Fundi aliuliza swali moja: inalala wapi usiku? Ilikuwa inalala juu ya spika ya redio. Sumaku ya spika hufanya mizunguko ya springi nyembamba ya ndani ishikane, springi inakuwa kama imefupishwa, mapigo yanaharakishwa. Aliipitisha juu ya kifaa chake cha kuondoa sumaku, koili ya zamani yenye waya uliofungwa utepe mweusi, akairudisha kabla mteja hajakaa vizuri kwenye benchi. Tangu hapo inakimbia kama sekunde 10 kwa siku, ndani kabisa ya ahadi ya kiwanda.

Hesabu iliyoahidiwa ndiyo hii. Mashine, bodi yenye kioo kigumu, uso, mishale, mkanda, vibano, bisibisi ndogo na gharama za kutuma vilivuka laki tatu. Matengenezo ya saa ya mzee, ukitoa mishale iliyoagizwa, yalikuwa elfu 15. Mzee anavaa yake kila siku. Ya mwandishi huvaliwa na kuelezewa.

Anayetaka kuanza, basi, aanze na saa ya betri. Mashine ya Miyota 2035 ni rahisi kupatikana, bei yake ni ndogo, na akiiharibu hatalia. Anunue bodi, uso na mishale kwa muuzaji mmoja, aulize kipimo cha tundu la sekunde kabla ya kulipa, na akate kijiti kidogo kidogo. Ila kwanza afungue droo ya nyumbani kwao. Ikiwamo saa ya mzee iliyosimama, aipeleke kwa fundi wa mji wake wiki hii hii, amlipe anachosema, na amwombe asimame nyuma ya bega atazame. Wa Bukoba yupo kuanzia saa tatu asubuhi. Jumapili hafungui.